Laptopu Iliyougulia Bahati

Mzee Swaleh alizikwa kabla sijafika. Habari zilinipata Naivasha asubuhi, nikiwa nimeinamia simu ya mteja iliyotumbukia majini, na nilipoingia Nakuru saa nane mchana watu walikuwa wamesharudi kutoka makaburini. Najua Waislamu hawamkalishi maiti, lakini niliumia kama mtu aliyeachwa makusudi. Nyumbani kwake, mtaa wa Bondeni, wanaume walikuwa nje chini ya turubai na wanawake ndani. Nikavua viatu, nikajitanda leso, nikainama kupita chini ya pazia, na kitu cha kwanza nilichokiona hakikuwa uso wa mtu bali mikono miwili ya kizee iliyokuwa ikifuma uzi mweupe bila mwenyewe kuitazama. Niliitambua mikono ile kabla ya kumtambua mwenyewe. Ilikuwa ya Mwalimu Njoki wa Bahati, kule mashambani nje ya Nakuru, ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka kumi na mitano, na ambaye nilidhani, Mungu anisamehe, kwamba alishatangulia. Akainua macho. "Chebet wa laptopu," akasema, kana kwamba nilikuwa nimetoka dakika mbili kununua maziwa. Akasogeza fimbo yake, nami nikaketi kando yake mkekani.

Nina mengi ya kusimulia kuhusu nilikotoka, na yote nitayaruka, kwa sababu hayakunifanya kuwa mtu niliye leo. Kilichonifanya ni mwaka mmoja katika chumba cha Mzee Swaleh cha kutengenezea kompyuta, ghorofa ya pili, nyuma ya soko la Nakuru. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na diploma ya kompyuta niliyoibeba ndani ya bahasha ya plastiki isije ikakunjika. Chumba kilikuwa na meza tatu, dirisha moja lililoelekea Menengai, na vumbi ambalo tulilifuta asubuhi na kulikuta tena mchana. Upande wa kulia hapakuwa na ukuta, palikuwa na plaiwudi, na nyuma yake walishona mafundi wawili wa nguo ambao maisha yao yote niliyajua bila kuwaona nyuso. Nilijua nani ameachwa, nani amenenepa hadi zipu imekataa, na nani analeta kitambaa cha harusi huku bwana harusi hajui. Nao, bila shaka, walijua kila laptopu iliyokufa mikononi mwetu. Saa nne Mzee Swaleh alifungua chupa ya chai ya tangawizi iliyotoka kwake na mahamri yaliyofungwa kwa gazeti, akanigawia nusu bila kuuliza kama nina njaa. Nilikuwa na njaa kila siku.

Sitasahau mara ya kwanza aliponifungulia laptopu. Chuoni tulifundishwa kwa picha ubaoni. Kompyuta zilikuwa nne na wanafunzi hamsini. Mzee Swaleh alitoa skrubu moja moja, akazipanga juu ya karatasi kwa mpangilio ule ule zilivyotoka, kisha akainua kibodi na kusema, "Hebu weka kidole hapa." Palikuwa na feni ndogo isiyozidi mdomo wa kikombe cha chai, na kutoka hapo mrija wa shaba uliopondwa bapa ukielekea moyoni mwa mashine. Akaiwasha ikiwa wazi vile vile. Feni ikazunguka, na upepo mwembamba wenye joto ukanipiga kidoleni. "Hiyo ndiyo pumzi yake," akasema. "Ikizibwa pumzi, haifi. Inajizima yenyewe isife. Inajipenda kuliko tunavyoipenda." Nilisimama pale mdomo wazi. Kwamba kitu kilichotengenezwa na watu kinaweza kujua kwamba kimezidiwa na kujilaza chenyewe! Mpaka leo, na nimefungua mashine nisizoweza kuzitaja idadi, sijazoea. Kila nikigusa ule mrija wa shaba najisikia mdogo, na napenda kujisikia hivyo.

Lakini mshangao wangu ulikuwa kwa mashine tu. Kwa watu sikuwa na subira hata kidogo, na hili nalisema kwa aibu. Msemo wangu mwaka ule ulikuwa kwamba mteja hudanganya. Anakuambia haikuanguka, nawe unaona kona imebonyea. Anakuambia haikumwagikiwa na kitu, nawe unanusa soda. Nilikuwa nikiwakata maneno katikati, nikichukua mashine na kuwapa kisogo. Mzee Swaleh aliniangalia na kuendelea kunywa chai yake.

Mwalimu Njoki alipanda ngazi zetu mwishoni mwa Julai, akahema mlangoni, akauliza kama tuko salama. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka hamsini na sita, sweta ya kijani, kiondo begani. Kutoka kwenye kiondo akatoa furushi la taulo. Ndani ya taulo palikuwa na kitambaa kizito cha sufu alichokifuma mwenyewe. Ndani ya kitambaa, laptopu nyeusi isiyo na hata mkwaruzo. Nilidhani ameifunga vile kwa sababu ya safari. Niliona kila kitu siku ile, wala sikutazama.

"Fundi ni nani hapa?" akauliza.

"Huyo," Mzee Swaleh akanielekeza kwa kidevu.

Akanitazama, akamtazama yeye, akanirudia mimi. "Huyu msichana?"

"Huyo huyo, Mwalimu. Mimi macho yameanza kunichoka. Karibu kiti."

Akaketi, akaeleza kama anavyoeleza mtu aliyezoea darasa, akisubiri kila sentensi iingie. "Hii kitu ilikuwa sawa kabisa. Miaka miwili haijanisumbua. Halafu siku moja nikaweka modemu nitume barua kwa msimamizi wangu, ikaniambia ngoja, usinizime, nafanya apdeti. Nikaiacha. Nikaenda nikakamua ng'ombe, nikarudi, bado inazunguka tu. Kutoka siku hiyo inazima vile inataka. Naandika asubuhi vizuri, natoka kidogo, nikirudi nimeipata imekufa. Nikiiwasha inakaa dakika mbili inakufa tena. Na vile nilikuwa nimeandika, yote imeenda."

"Ulikuwa hujasevu," nikasema.

"Sikuwa nasevu. Nilikuwa nafunga tu, nikifungua napata kila kitu mahali niliacha."

Nikamkata pale pale. Kwangu jibu lilikuwa limeshapatikana: ni apdeti. Mwezi ule tulikuwa tumepokea mashine tatu zilizovurugwa na apdeti, na ya nne ingekuwa na tofauti gani? Mzee Swaleh ndiye aliyemuuliza kilichomo ndani. Hapo Mwalimu akatoa bahasha, akaisogeza mezani. Ilikuwa barua ya chuo kikuu, Njoro. Alikuwa amesomea uzamili kwa miaka sita, likizo kwa likizo, akifundisha muhula na kusoma Aprili, Agosti na Desemba. Walikuwa wamemwongezea muda mara mbili. Tasnifu isipowasilishwa kufikia siku ya mwisho ya Agosti, faili lake lingefungwa. Alikuwa bado na sura mbili za kurekebisha na moja ya kuandika. "Wakifunga, mimi sitaanza tena," akasema. "Nitakuwa nimepita miaka sitini nikifika hapo." Nyuma ya plaiwudi cherehani zilikuwa zimenyamaza.

Tuliinakili kazi yake siku hiyo hiyo, kwetu na kwenye flashi yake. Tulijua kazi yetu. Tungempa na mashine nyingine ya kuandikia, lakini zote mezani zilikuwa za watu. Kisha nikaiwasha yake, nikaichezesha video mchana kutwa, nikaipa mahesabu ya kuitoa jasho, nikaiacha ikikimbia huku nikila chapati na dengu kando yake. Haikuzima. Siku ya pili haikuzima. Siku ya tatu nikamrudishia kwa kiburi. Baada ya siku nne alikuwa mlangoni tena. Nikaondoa programu zilizoletwa na apdeti, moja moja, nikaweka nyingine, nikaijaribu siku mbili nzima, haikuzima. Akaenda nayo. Alipopanda ngazi mara ya tatu ilikuwa katikati ya Agosti, na safari hii hakuifungua ile taulo. Aliweka furushi mezani, na juu yake daftari la shule lenye kurasa sita alizoziandika upya kwa mkono, mwandiko wa mwalimu, ulionyooka bila neno lililokatwa.

"Sasa nasevu vile ulinifundisha," akaniambia. "Lakini ikizima inakula ile niko katikati yake, na inakula moyo pia. Chebet, mimi nimechoka. Ikizima tena nitawaandikia barua wafunge hiyo faili. Sitawangoja waifunge wenyewe."

Hakulia wala hakupandisha sauti. Aliteremka ngazi akishika ukuta, na nikamsikia mmoja wa mafundi wa nguo akimwambia mwenzake, "Huyo mama ameshakata tamaa." Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani. Nikamwambia Mzee Swaleh kwamba dawa ni moja tu: tuifute mashine yote, tuanze upya. Akasema sawa, lakini kwanza nihakikishe ile nakala yetu inafunguka, ukurasa kwa ukurasa, maana tukishafuta hakuna wa kumlilia.

Nikaifungua nakala. Nilikusudia kupitisha macho tu. Sura ya kwanza nikaipitisha, na ya pili, na ya tatu iliyojaa majedwali. Katika sura ya nne nikakwama. Mwalimu Njoki alikuwa ameandika juu ya watoto wa darasa la kwanza na la pili wanaoshindwa hesabu. Alimwelezea mmoja, hakumtaja jina, ambaye ukimpa vijiwe anahesabu mpaka mia bila kukosea, lakini ukimuuliza kuna mbuzi watano, wawili wamekwenda malishoni, wamebaki wangapi, anatazama chini na kunyamaza. Walimu watatu mfululizo walikuwa wamemchapa. Ripoti ilisema ni mzito. Mwalimu Njoki hakumwita ofisini. Alikwenda kwao. Alikaa siku nzima kwenye jiko la bibi yake akimenya viazi, na jioni mifugo iliporudi akaona kwamba hakuna mtu aliyewahesabu. Waliwaita kwa majina na rangi, wakajua nani hayupo, lakini kuwanyooshea kidole na kusema mmoja, wawili, watatu, hapana. Kitu chenye uhai hakihesabiwi, kisije kikapungua. Mtoto alikuwa akilindia nyumba yao mbuzi watano wa kwenye kitabu. Aliandika kwamba hata kwao, Wakikuyu, wazee hawakupenda kutaja kumi wakihesabu watoto wao. Badala yake walisema tisa iliyojaa. Akashauri swali libadilishwe. Usimuulize mbuzi wangapi. Muulize kamba ngapi za kuwafungia.

Mimi nilikuwa mtoto huyo. Shule yangu ilikuwa upande wa Elburgon, swali langu lilikuwa la kondoo, na nilisimama mbele ya darasa nikiwa na jibu mdomoni lisilotoka, kwa sababu nyanya yangu alikuwa amenikataza na mwalimu alikuwa ameniuliza, nami sikujua nimtii nani. Sikuwahi kumweleza mtu. Nilidhani ni ujinga wangu peke yangu, na nilikimbilia kompyuta kwa kuwa ndani yake hakuna chenye uhai. Sasa hapa, kwenye maandishi ya mtu baki, kulikuwa na mtu aliyepanda mlima kwenda kumenya viazi ili ajue kwa nini nilinyamaza. Machozi yalinitoka, na sioni haya kuyasema. "Chebet, uko sawa?" sauti ikauliza nyuma ya plaiwudi. "Ni vumbi," nikajibu. Nilisoma sura ile mara tatu.

Mara ya tatu ndipo nilipoinua kichwa na kuitazama laptopu. Kwetu haikuzima hata siku moja. Siku tatu, kisha mbili, na haikuzima. Ilikuwa ikiugulia Bahati.

"Mzee," nikasema, "naenda kwake."

"Kufanya nini?"

"Kukaa tu."

Akaweka bisibisi chini. "Miaka ishirini nafanya kazi hii," akasema, "na sijawahi kumfuata mgonjwa kwao." Kisha akacheka, akanimiminia chai iliyobaki yote. "Basi ukifika usiguse kitu, mwanangu. Kaa utazame."

Kesho yake nilikuwa sebuleni kwa Mwalimu Njoki saa mbili asubuhi, nimemrudishia furushi lake, na ukungu bado umelala juu ya mahindi. Baridi ya Bahati mwezi wa Agosti inaingia mpaka kwenye meno. Alinipa chai ya maziwa yenye utandu wa malai juu na nduma mbili za moto, nikala nikitazama chumba. Sijawahi kuona chumba kilichofunikwa vile. Kila kiti kilikuwa na kitambaa cha kufuma mgongoni na vingine viwili mikononi. Redio ilikuwa na chake, televisheni chake, mtungi wa maji chake chenye shanga pembeni. Hata chupa ya chai ilivaa. Vyote alivifuma yeye, jioni za miaka mingi, na vyote vilikuwa vyeupe kama vimetoka kufuliwa leo. Laptopu ilikuwa juu ya meza ya kulia, juu ya shuka iliyokunjwa mara nne. Akaketi, akavaa miwani, akaandika kwa vidole viwili. Kwa saa moja na nusu nilisikia kibodi, jogoo, na mara moja simu, ambapo aliongea na msimamizi wake wa Njoro akiwa amesimama wima kama mwanafunzi. "Ndiyo, Daktari. Nitafika, Daktari. Mashine iko na fundi sasa hivi, tuko naye hapa." Akanitazama akisema hivyo, na nilitamani kuwa fundi kweli.

Saa nne ng'ombe akalia. Mwalimu akasevu, akafunga kifuniko cha laptopu taratibu. Kisha akachukua kile kitambaa kizito cha sufu kutoka kwenye kiti, akakitandaza juu yake. Akachukua kingine, akakiweka juu ya cha kwanza. Akazikunja pembe na kuziingiza chini, pande zote nne, kama anayemlaza mtoto.

"Unafanya nini, Mwalimu?"

"Naifunika. Baridi ya huku si ya kuchezea, na vumbi je? Tangu niinunue sijawahi kuiacha uchi."

Akachukua ndoo akatoka. Nikabaki mimi na laptopu iliyolala. Nilikumbuka niliambiwa nisiguse kitu, nikaweka mikono magotini. Chumba kilinyamaza, na katika kunyamaza kule nikasikia. Mwanzoni nilidhani ni nzi dirishani. Nikasogeza sikio. Ilikuwa feni. Chini ya vitambaa viwili, juu ya shuka ya mikunjo minne, kifuniko kimefungwa, mashine ilikuwa macho. Haikupaswa kuwa macho. Laptopu yake ilizoea kulala ikifungwa. Yeye mwenyewe alituambia siku ya kwanza kwamba akifungua hukuta kila kitu mahali alipokiacha, nami nikamkata maneno. Sauti ya feni ikapanda, ikawa nyembamba, ikapanda tena. Nikavunja sharti, nikaweka kiganja juu ya sufu. Ilikuwa na joto la chapati iliyotoka kwenye kikaango. Niliketi pale kwa muda usiozidi wa kumaliza chai, nikiisikiliza ikihangaika kutafuta pumzi, hadi feni ikasimama ghafla. Kimya. Imejizima isife.

Sijui niliseme vipi jambo nililolihisi. Si furaha ya kushinda; hiyo ilikuja baadaye. Nilihisi nimeonyeshwa kitu. Wiki tatu tulikuwa tumeifungua, tumeijaribu, tumeilaumu, na jibu lilikuwa limekaa sebuleni Bahati, jeupe, limefumwa kwa mkono, na tena lilikuwa limefika mbele yangu mara tatu ndani ya kiondo. Nikazifunua pembe. Ilipopoa nikaiwasha, nikaingia pale panapoamuliwa mashine ifanye nini ikifungwa. Apdeti ilikuwa imebadilisha neno moja. Palipokuwa pameandikwa ilale, sasa paliandikwa isifanye kitu.

Mwalimu akaingia na ndoo ya maziwa, na mimi, kwa ule ulimi wangu wa mwaka ule, nikamwambia kabla hajaitua, "Mwalimu, ni wewe unaiua."

Akaitua ndoo polepole. Nikamweleza haraka haraka, joto, pumzi, vitambaa. Alikuwa akinisikiliza huku akitazama mikono yake. "Kwa hivyo siku hizi zote ni mimi," akasema. Akaketi. Akaondoa kitambaa cha mkono wa kiti, akakikunja, akaondoa cha pili. "Kurasa hizo zote. Ni mimi mwenyewe nazifunika." Akanyoosha mkono akachukua daftari na kalamu, na nilijua ni barua ipi anakwenda kuiandika. Nilikuwa nimeokoa mashine na kumpoteza mwenyewe, ndani ya sentensi moja.

Nikapiga magoti kando ya kiti chake. Sikuwa nimewahi kumpigia mteja magoti. "Mwalimu, ngoja. Si wewe. Swali ndilo baya." Kalamu ikasimama. "Miaka miwili uliifunika ikiwa imelala, na ilikuwa sawa. Kitu kilicholala ukikifunika umekosa nini? Wamekuja wakabadilisha tabia yake usiku mmoja, wakaiambia isilale tena, na hakuna mtu alikuambia. Ulifanya vile umefanya siku zote. Wewe ni kama yule mtoto wa swali la mbuzi."

Akanitazama juu ya miwani. "Umesoma kazi yangu."

"Nimesoma."

"Yote?"

"Sura ya nne mara tatu." Na kwa vile nilikuwa tayari magotini, nikamaliza. "Mimi ni mtoto huyo, Mwalimu. Wangu walikuwa kondoo."

Akavua miwani. "Walikuchapa?"

"Walinichapa."

"Ngapi?"

"Tano. Hizo nilihesabu."

Akacheka mpaka akashika kifua, kisha kicheko kikageuka kilio, nami nikalia naye, na maziwa yakapoa ndani ya ndoo. Mpaka leo nikikumbuka asubuhi ile nashangaa kwamba mtu anaweza kuandika kitu akiwa peke yake kwenye meza ya kulia, na kitu hicho kikatoka, kikazunguka, kikarudi kumfungulia mlango yeye mwenyewe. Mimi sikuitengeneza laptopu ile. Ilitengenezwa na sura ya nne.

Kubadilisha neno lile kulinichukua chini ya dakika moja. Tukaondoa shuka, tukaiweka juu ya kibao cha kusukumia chapati, matundu yake yakiwa wazi. Tulikula githeri na parachichi, akarudi kuandika. Haikuzima siku hiyo, wala kesho, wala wiki iliyofuata. Alikuwa na siku kumi na tatu, akazitumia zote. Siku ya mwisho ya Agosti simu ya Mzee Swaleh ikalia saa tisa alasiri, akaiweka sauti kubwa, na sauti ya Mwalimu Njoki ikatoka, nyuma yake upepo wa Njoro unavuma. "Wameipokea," akasema, basi. Nyuma ya plaiwudi mafundi wa nguo wakapiga vigelegele.

Alihitimu mwaka uliofuata, nami nikawa nimekwenda Naivasha kuanza maisha yangu. Lakini kabla sijaondoka alipanda tena zile ngazi na zawadi. Ilikuwa kitambaa cha kompyuta kubwa ya Mzee Swaleh, ile ya mezani, na nyuma yake, mahali hasa penye matundu ya hewa, alikuwa amefuma dirisha. Alikuwa amekuja siku moja kupima kwa uzi bila sisi kujua. Mzee Swaleh alikigeuza geuza mkononi, akapitisha kidole katika dirisha lile.

Kitambaa hicho ndicho nilichokikuta mwezi uliopita sebuleni Bondeni, kimetandazwa juu ya televisheni, kimekuwa rangi ya chai, na dirisha lake liko nyuma. Nikamwonyesha Mwalimu. "Nimekiona," akasema, na vidole vyake havikusimama. Kisha Rukia, binti wa marehemu, akachungulia pazia akiwa na macho mekundu, akaniomba nimwangalizie tuko wangapi ndani ili apakue. Nikasimama. Nikainua kidole, na miaka yote ya kazi ikanifanya nisahau katazo la nyanya yangu. Nikaanza, mmoja, wawili. Mkono mkavu ukanishika kifundo cha mkono na kukishusha chini.

"Hesabu sahani," Mwalimu Njoki akaninong'oneza.

Kwa hivyo Rukia akaleta sahani za pilau zilizojaa, nami nikazigawa, kila mama na yake, kuanzia mlangoni hadi pembeni alikokaa mjane. Nilipomaliza, na yangu nikiwa nimeshaiweka mkekani, ilibaki moja mikononi mwangu. Hakuna aliyeuliza ni ya nani; Mzee Swaleh ndiye aliyekosekana nyumbani mle. Mwalimu akaipokea, akaiweka juu ya meza ndogo chini ya televisheni, akakata uzi kwa meno, na kile kitambaa alichokuwa akikifuma tangu nilipoingia akakitandaza juu ya sahani. Pembe tatu akazikunja chini. Ya nne akaiinua kidogo, akaiacha wazi, na mvuke ukawa unatokea hapo.